Je, wajua kwa nini wasiwasi hauishi hata jambo likiisha salama?

Siku za giza, mitumbwi ya dagaa inapotoka na taa zake kuelekea ziwani, wapo kina mama wa Kirumba, Mwanza, wanaokesha mpaka irudi. Asubuhi kijana yupo mwaloni, mzima. Wasiwasi umeisha? Hapana. Umehamia kwenye wingu linalotishia dagaa walioanikwa, kisha marejesho ya kikoba, kisha ada.

Profesa Adrian Wells wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, alilieleza jambo hili miaka ya 1990. Kwa maelezo yake, kinachoulisha wasiwasi ni yale tunayoyaamini kuhusu kuwaza kwenyewe. Kwanza: nisipowaza, mabaya yatanikuta sijajiandaa. Pili: mawazo haya yamenishinda, yatanitia wazimu. Imani ya kwanza inakuanzisha, ya pili inakutisha kwa kile ulichokianzisha. Na kila kijana anaporudi salama, mama anahisi kukesha kwake kumesaidia, basi kesho anakesha tena. Ndiyo maana majirani wakimwambia "usiwaze", hata kama ni kwa upendo, haimfai kitu.

Tiba aliyoiasisi Wells, inayoitwa ya metakognisheni (yaani kuwaza kuhusu kuwaza kwenyewe), haibishani na hofu yako. Wazo la ziwa kuchafuka likija saa tano usiku, usilifukuze wala usilifuate. Liahirishe mpaka kesho saa kumi na moja jioni, kwa dakika 15 tu. Saa ikifika, wengi hukuta hata hamu ya kuliwaza hawana. Hapo mtu anajionea mwenyewe kwamba wasiwasi unazuilika, na imani ya pili inaanza kulegea. Lipo pia zoezi la dakika kama 12 la kusikiliza sauti: unashika moja, unahamia nyingine, mwishowe unazisikiliza zote kwa pamoja.

Kwa kuwa tiba haichambui shida moja moja za mtu, inapitishika mtandaoni: masomo mafupi, mazoezi ya nyumbani, na mtaalamu anayejibu ujumbe. Watafiti wa Sweden wameijaribu kwa njia hiyo. Naona ingewafaa sana watu wa visiwa vya Ukara na Ukerewe, ambao kufika hospitali ya Bugando, Mwanza, kwao ni safari ya majini kwanza.

Ila wasiwasi ukikuandama siku nyingi kwa miezi 6 na zaidi, usingizi ukapotea na misuli ikakaza, nenda ukamwone daktari.