Damu Imeondoka Mbele ya Retina, Mbona Jicho Bado Halijatulia?

"Daktari, herufi nazisoma zote, ila hili jicho bado si lile langu la zamani." Kauli hii huwa naichukulia kwa uzito.

Kikohozi kikali, kutapika au kunyanyua mzigo mzito hupandisha ghafla shinikizo kwenye mishipa, na kimshipa chembamba juu ya retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, kikapasuka. Daktari Thomas Duane wa Marekani aliieleza hali hii mwaka 1972. Damu hunaswa chini ya utando mwembamba unaoifunika retina, au kati ya utando huo na ute unaojaza jicho kwa ndani. Mgonjwa akikaa wima, damu hutuama: juu mstari ulionyooka, chini mviringo, umbo la mtumbwi. Ikitanda mbele ya makula, sehemu ya katikati ya retina, uoni wa katikati hupotea papo hapo, bila maumivu.

Faraja ni kwamba seli zinazopokea mwanga mara nyingi ziko salama, zimezibwa tu. Damu kidogo hunyonywa yenyewe kwa wiki au miezi. Ikiwa nyingi, tunaweza kuutoboa utando kwa leza ili damu ichuruzike kwenye ute, au kufanya upasuaji wa kuondoa ute.

Kisha mgonjwa anasoma 6/6, kipimo cha uoni wa kawaida, na madaktari wengi humruhusu aende. Mimi huwa simruhusu bado. Herufi nyeusi kwenye ubao mweupe hazipimi kila kitu. Nampa karatasi ya Amsler, ile ya miraba yenye nukta katikati, afunike jicho moja. Kidole chake kikisimama kando ya nukta naye akisema "hapa mstari umepinda," napiga picha ya tabaka za retina. Mara nyingine nakuta utando umejikunja, au uwazi umebaki pale damu ilipokuwa. Damu iliyokaa muda mrefu huacha pia madini ya chuma, ambayo ni sumu kwa retina. Ndiyo maana napima pia uwezo wa kutofautisha rangi zilizofifia, na mwitikio wa makula kwa vinukta vya mwanga.

Kwa mwenye kisukari, damu kuondoka si kupona. Mishipa mipya dhaifu iliyovuja bado ipo, na isipotibiwa kwa leza au sindano inaweza kuvuja tena.

Karatasi ile nenda nayo nyumbani. Itazame kwa miwani yako ya kusomea, jicho moja moja. Mistari ikianza kupinda, ukiona vimulimuli au kivuli kama pazia, njoo siku hiyo hiyo.