Tabo mpya imekufa tena? Usikimbilie kulaumu duka

Wiki hii peke yake nimeambiwa mara tatu, "fundi, tabo za siku hizi ni feki tu, nimefunga mpya na haijamaliza hata mwezi." Mara tatu jamani. Tabo, kwa asiyejua, ni ile pampu ya hewa yenye feni, inazungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini. Na kila nikiuliza kaswali kamoja tu, kabla ya kufunga hiyo mpya mliangalia ile ya kwanza iliuawa na nini, naona mtu anaanza kuangalia viatu vyake. Kwa hivyo naandika hapa mara moja, nikiulizwa tena natuma hii halafu narudi chini ya gari.

Feki zipo, sikatai. Lakini nyingi zinazoletwa kwangu hazikufa kwa ufeki, zimeuawa na ile ile iliyoua ya kwanza. Shafti ya ndani ya tabo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye hizi gari zetu za kitambo mara nyingi haina hata beringi za gololi, inaelea tu juu ya oili ndani ya bushi, yaani kabomba kafupi ka chuma. Oili ikikosekana sekunde chache kwa hiyo spidi basi hakuna tabo hapo, hata kama umeitoa Japani ikiwa ndani ya plastiki.

Mfano. Juzi mzee mmoja wa Ruiru aliniletea Toyota Prado ya D4D, ile yenye injini ya dizeli ya 1KD. Alikuwa amebadilisha tabo mbili kwa miezi mitano, na fundi aliyekuwa anamfungia kazi yake ilikuwa ni kutoa, kufunga, kupangusa mikono na kupokea pesa. Mzee akaja na ya tatu ndani ya boksi, ameinunua kwa maduka ya spea ya Kirinyaga Road asubuhi hiyo hiyo, anataka nifunge arudi nyumbani kabla ya jam ya Thika Road. Nikamwambia mzee wangu, keti kwanza unywe chai, mimi nashusha sampu, ile karai ya oili iliyo chini ya injini. Akanuna, ati shida iko juu na mimi naenda chini. Tukashusha. Lile chujio ambalo pampu inavutia oili lilikuwa limefunikwa na kitu cheusi kigumu kama ukoko wa sufuria ya ugali, nikawa nakwangua na bisibisi na inatoka vipande vipande. Nikamwita akaangalia mwenyewe. Chai ikapoa.

Hiyo ni tabia inayojulikana ya 1KD na ndugu yake 2KD, zile za kwanza kwanza. Wosha za shaba zilizo chini ya injekta, zile za kupuliza dizeli ndani ya injini, zikichoka, moto wa mwako unavuja unapita mpaka kwa oili, masizi yanaganda, chujio linaziba, na kwa vile tabo ndiyo inazunguka kwa kasi kuliko kitu chochote kwa hiyo injini, ndiyo inaumia kwanza. Na usiniambie "lakini taa ya oili haikuwaka." Hiyo taa inazimwa na presha ndogo sana, inaweza kukaa kimya kabisa na tabo inakauka. Tukabadilisha wosha zote nne, tukasafisha sampu na chujio, oili mpya na filta yake, na ile paipu nyembamba inayopeleka oili kwa tabo nikaitupa. Hapo huwa nagombana na wateja, wanasema si uioshe tu na petroli. Hapana. Ndani kuna kaboni imeshikana na ukuta na huioni, ukiiosha nusu ndio inabanduka baadaye na kwenda kuziba tabo mpya. Paipu mpya kila wakati, au tafuta fundi mwingine. Wenye Subaru za tabo nao waangalie bolti ya hiyo paipu, kwa zingine kuna kachujio kadogo ndani ambako hakuna mtu hukakumbuka mpaka kazibe.

Halafu kuna silikoni. Nani aliwafundisha kupaka silikoni kwa flanji ya oili ya tabo, pale paipu inapofungwa kwa bolti? Ukikaza bolti inafinywa inaingia ndani kama dawa ya meno, kipande kinakatika kinaenda kukaa kwa tundu. Gasketi inauzwa, nunua gasketi. Na ikiziba upande wa paipu ya kurudisha oili kwa sampu ndio utalia vizuri, kwa sababu sili za tabo sio mpira, ni viringi vidogo tu vya chuma, vinategemea oili iteremke yenyewe bila kuzuiwa. Isipoteremka inatokea kwa ekzosi, gari inatoa moshi wa bluu, na wewe unaambiwa tabo yako mpya ni mbovu. Vile vile kama hosi ya kupumulia ya injini imeziba, moshi wa bluu ule ule, kumbe tabo ni nzima kabisa.

Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mwaga oili ndani ya tabo kwa tundu la juu, zungusha feni na kidole, halafu piga stata injini ikiwa imezuiwa kuwaka mpaka presha ipande. Ikishawaka iache sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, dakika mbili tatu. Nimeona mtu amefunga tabo, akawasha, akakanyaga mafuta papo hapo "kusikia kama inaimba." Iliimba kweli.

Sasa hizi kauli zingine ninazoambiwa na wateja, haraka haraka.

"Gari haina nguvu, tabo imeenda." Labda, lakini huanzi hapo. Mashine ya kusoma makosa ya gari ikitoa kodi P0299 inakuambia presha ya hewa ni ndogo kuliko inavyotakiwa, haijakuambia ununue tabo. Anza na filta ya hewa, hosi za intakula (ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwa tabo) na klipu zake, paka maji ya sabuni halafu ingiza hewa ya kompresa kidogo tu uone povu linatoka wapi. Moshi mweusi na sauti ya pssss ukikanyaga mara nyingi ni hosi imepasuka upande wa chini ambako huoni. Angalia pia vipaipu vya vakyumu, vinakauka vinapasuka, ni vya bei ya soda. Na zile tabo zenye vipanga, yaani vibapa vidogo vya kuelekeza moshi wa ekzosi, vinavyojifungua na kujifunga, hukwama na masizi, hasa gari ikiwa ya kuzunguka mtaani tu kwa jam, mtu hajawahi kuifikisha Naivasha.

"Shafti inacheza, imekufa." Kwa bushi, kucheza kidogo kwenda kando ikiwa kavu ni kawaida, hiyo nafasi ni ya oili. Kucheza ndani na nje ndiyo mbaya, au feni ikiwa na alama za kukwaruza ukuta. Na oili kidogo kwa hosi ya intakula isikutoe jasho, ikiwa ni ya kumwagika hapo sawa.

"Weka oili nzito italinda tabo." Fuata kitabu cha gari. Oili nzito asubuhi ya baridi ya Julai huko Limuru inachelewa kufika juu, na hizo sekunde ndizo tunazozungumzia.

"Nitaiendesha pole pole hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwezi." Hii usifanye, hasa dizeli. Feni ikikatika vipande vinaweza kuingia injini, na sili zikiachilia injini inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe, ukizima suichi haizimi, inapanda tu mpaka ijivunje. Ndio maana pia intakula lazima ifunguliwe ioshwe kabla tabo mpya ifungwe, mle ndani kuna oili imelala na vichuma vya ile ya zamani.

"Tabo taima ni ya vijana wa Subaru." Hicho kifaa cha kuiacha injini iendelee kunguruma kidogo baada ya kuzima suichi si lazima, lakini ukipanda kutoka Mai Mahiu na mzigo halafu usimame huko juu kupiga picha za Bonde la Ufa, usizime papo hapo, iache dakika moja au mbili. Oili iliyosimama ndani ya tabo yenye moto hivyo inaungua, na hiyo ndiyo kaboni niliyosema iko kwa paipu.

Prado ya mzee inatembea. Ile tabo ya pili tuliyoitoa aliniachia, iko hapa kwa benchi, nimeifungua katikati. Shafti yake imegeuka bluu pale inapokaa bushi, rangi ya chuma iliyochomwa bila oili. Akija mwenye kusema feki, nampatia aishike kwanza.