Je, kujadili majibu baada ya mtihani kunasaidia?

Msimamizi akishakusanya karatasi tu, wanafunzi wanajaa chini ya mti. "Namba saba umeandika nini?" Walimu wengi huwakataza: pepa limeshakwenda, fikirieni la kesho. Kwa miaka mingi nami niliwaambia wadogo zangu hivyohivyo, na nilikuwa na sababu. Niliamini kwamba kosa ulilolifanya ukiwa na uhakika nalo limeshaota mizizi, na kulizungumza ni kulimwagilia maji.

Nilikosea. Mwaka 2001, watafiti Butterfield na Metcalfe wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliwauliza watu maswali ya maarifa ya jumla. Kwa kila jibu, mtu alisema ana uhakika kiasi gani, kisha akaambiwa lililo sahihi. Walipoulizwa upya, makosa yaliyofanywa kwa uhakika mkubwa ndiyo yaliyosahihishika zaidi, kuliko yale ya kubahatisha.

Kwa nini? Mfikirie mtu anayepita uchochoro mgeni usiku. Anapapasa ukuta, anapima kila hatua. Akigusa shimo kwa ncha ya mguu analikwepa na kuendelea, na kesho hakumbuki lilikuwa wapi. Mwenyeji wa uchochoro huohuo anatembea bila hata kutazama chini. Siku akitumbukia kwenye shimo lililochimbwa mchana, mshtuko ule unamwamsha mwili mzima, na mahali pale hapasahau. Anayebahatisha hashtuki akiambiwa amekosa, maana hakutarajia kupata. Aliyekuwa na uhakika ndiye anayeshtuka, na akili huelekea kule kulikoishtua.

Tena, uhakika mara nyingi huja kwenye mada unayoifahamu kiasi, kwa hiyo jibu jipya linakuta vigingi vya kufungiwa.

Mpwa wangu alimaliza pepa la baiolojia la kidato cha nne akiwa ameandika kwamba mmea hupumua usiku tu. Mwenzake akambishia, wakainama juu ya daftari pale nje ya geti, kidole kikifuata mstari kwa mstari: mmea unapumua saa zote. Mchana, kwenye mwanga, unatengeneza chakula na kutoa oksijeni nyingi kuliko inayotumika kupumulia, ndiyo maana kupumua kwake hakuonekani. Alifika nyumbani bado anaizungumzia oksijeni hiyo.

Lakini daftari lilifunguliwa, na hapo ndipo penye uzito wote. Wanne wakikubaliana kwamba jibu ni C, C haiwi sahihi kwa sababu hiyo, na mwenye sauti kubwa huwavuta wengine. Mwaka huohuo wa 2001, watafiti Roediger, Meade na Bergman waliwaonyesha watu picha za mandhari za nyumbani, kama jiko, wakiwa na mwenzao aliyepangwa kutaja vitu ambavyo havikuwamo. Baadaye baadhi yao walivikumbuka vitu hivyo kana kwamba waliviona. Kumbukumbu huambukizwa, na mjadala usio na kitabu unaweza kukutoa kwenye jibu sahihi.

Nao mshtuko peke yake hautoshi. Watafiti Butler, Fazio na Marsh walionyesha mwaka 2011 kwamba baada ya wiki moja, aliyelisahau jibu sahihi huelekea kurudia kosa lake la zamani, hasa lile alilokuwa na uhakika nalo.

Halafu majaribio haya yalifanywa kwa watu wasio na pepa la mchana linalowasubiri. Mwanafunzi mwenye hofu ni habari nyingine, na kama kuna pepa la saa nane, mimi ningemwambia aache mjadala mpaka jioni. Ila asiuache kabisa. Mtihani wa kidato cha nne Tanzania hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na yanamletea mtahiniwa gredi, si maelezo ya alikosea swali gani. Kwa wengi, mjadala ule wa chini ya mti ndiyo nafasi pekee ya kusahihishwa.

Wiki iliyofuata nilimuuliza mpwa wangu swali la mmea bila kumwandaa, tukiwa tunamenya viazi. Alijibu mara moja, kisha akanieleza habari ya oksijeni tangu mwanzo.