"Hayo ni mambo ya Dodoma"

Pale Kiborloni, Moshi, nimeisikia tena, mtu akichagua mkaa: "Tabianchi na nishati ni mambo ya Dodoma, diwani atafanya nini?"

Ni kweli nusu. Gridi ni ya taifa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, nao umetoka juu.

Lakini mkaa unapimwa kwa kopo hapa hapa, vumbi likibaki viganjani mwa muuzaji. Mti ukikatwa kwenye chanzo cha maji, sheria ndogo inayomgusa mkataji hutungwa na halmashauri ya kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Waziri hayupo hapo. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaka halmashauri ziwe na ofisa mazingira na ziandae mpango wao wa mazingira. Wangapi tumewahi kuuona? Mimi nilichelewa sana kuuliza.

Baraza la madiwani hukaa hadharani. Nenda, sikiliza mpango huo umetengewa shilingi ngapi.