Taa zinacheza nyumbani: yanayosemwa na ukweli wake

"Balbu imechoka, badilisha."
Ikiwa ni balbu moja tu inayopepesa, anza nayo: ihamishie kwenye holda nyingine. Ikitulia huko, kosa liko kwenye holda au swichi ya mwanzo. Lakini taa kadhaa zikicheza kwa pamoja, acha balbu, tafuta eneo. Chumba kimoja tu? Kagua waya na viungo vya saketi hiyo. Nyumba nzima huku jirani akiwa salama? Tatizo liko kati ya nguzo na meni swichi yako. Mtaa mzima, hasa saa za jioni au mashine ya kuchomelea inapofanya kazi? Hapo ni laini au transfoma iliyoelemewa.

Balbu ya LED inayowaka kwa mbali hata ikizimwa ni suala jingine. Mara nyingi fundi alipitisha nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenye swichi badala ya laini (waya unaoleta umeme), kwa hiyo holda ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Irekebishwe kabla mtu hajapanda ngazi kubadilisha balbu.

"Testa inawaka, umeme uko sawa."
Testa ya bisibisi huonyesha tu kwamba waya una umeme. Itawaka kwa volti 150 kama inavyowaka kwa 230, na haikuambii lolote kuhusu hali ya nyutro. Tumia multimita. Pima soketi vyombo vyote vikiwa vimezimwa, kisha pima tena pasi ya wati 1000 ikiwa inawaka. Kiwango cha Tanzania ni volti 230, na kushuka volti tatu au nne ukiwasha pasi si jambo la kutisha. Zikishuka 20, kuna ukinzani mkubwa njiani: wati zinazokaribia 80 zinageuka joto, na huenda zote zinaishia kwenye skrubu moja iliyolegea. Fundi arudie kipimo hicho kwenye meni swichi. Kama pale volti hazitikisiki, kosa liko ndani ya nyumba. Zikishuka vilevile, liko upande wa mita na nguzo.

"Kungekuwa na hatari, breka ingeruka."
Dhana hii imeunguza nyumba. Breka hukata pale umeme unapozidi kiwango chake au kukitokea shoti. Kiungo kilicholegea hakizidishi umeme, kwa hiyo plastiki inaweza kuyeyuka breka ikiwa imetulia tu. Ukisikia harufu ya plastiki, ukiona soketi imepata weusi au breka ina joto kali, zima saketi hiyo na usiiwashe hadi ifunguliwe na kukazwa. Kuweka breka kubwa zaidi kunaondoa ulinzi wa waya: waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 hulindwa na breka ya ampea 6 au 10, wa soketi wa 2.5 kwa kawaida ampea 20.

"Nunua stabilaiza, yataisha."
Stabilaiza husaidia pale umeme wa mtaa wenyewe ni mdogo. Haikazi kiungo. Zaidi ya hapo, volti zikishuka hadi 180, chombo cha wati 1000 kilichokuwa kinavuta ampea 4.3 sasa kinavuta 5.6 kupitia stabilaiza, na kiungo kibovu kinazidi kupata moto. Kwa friji, friji gadi ni ununuzi mzuri: hukata volti zikizidi au zikipungua, kisha husubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme ili kompresa isiwake ikiwa bado ina presha.

"Umeme mdogo hauunguzi kitu."
Pasi itachelewa tu kupata moto. Lakini mota ya friji au pampu inaposhindwa kuanza kuzunguka huvuta umeme mwingi na kuungua.

"Zingine zinafifia, zingine zinang'aa, ni umeme tu unacheza."
Hapana. Hiyo ndiyo dalili ya nyutro iliyolegea au kukatika, na haisubiri kesho. Transfoma ya mtaa hutoa laini tatu: kati ya kila laini na nyutro kuna volti 230, kati ya laini na laini kuna 400. Nyutro ikikatika, nyumba zenye mzigo mkubwa (vyombo vinavyovuta umeme mwingi) hupata volti chache, na zenye mzigo mdogo hupata nyingi, hata kukaribia 400. Ndiyo maana televisheni huungua hapa wakati kwa jirani taa zimefifia. Zima meni swichi hapo hapo, chomoa vyombo, waambie na majirani. Fundi akitaka kutumia ethi (waya wa ardhini) badala ya nyutro, mkatalie kabisa, kwani mabati ya friji na mabomba yanaweza kupata umeme.

"Fundi yeyote anaweza kukaza waya wa mita au wa nguzo."
Kuanzia nguzo hadi mita ni kazi ya TANESCO, au ZECO kwa Zanzibar, na lakiri ya mita haivunjwi na mtu mwingine. Baada ya mita ni kazi ya fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania Bara hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Unapotoa taarifa usiseme tu "umeme unasumbua". Taja namba ya mita, namba ya nguzo ikionekana, nyumba ngapi zimeathirika, saa inapotokea, na volti ulizopima bila mzigo na ukiwa na mzigo. Kama taa zingine zinang'aa kupita kawaida, anza na hilo. Ukanda wa pwani, waombe pia wakague pale waya wa alumini unapokutana na wa shaba: hewa ya chumvi huozesha kiungo hicho upesi, na kinahitaji konekta maalumu ya metali hizo mbili, si kusokotwa kwa mkono.