Kipimo cha arseniki kwenye mkojo: soma kabla hujaleta kichupa

Malalamiko yamekuwa mengi, eti majibu leo yako juu wiki ijayo chini kwa hiyo mashine mbovu. Mashine haina shida jamani, shida ni sampuli.

Huku Kanda ya Ziwa jiwe lenye dhahabu mara nyingi lina arseniki pia, ambayo ni sumu, inaingia mwilini kwa vumbi la karasha (mashine ya kuponda mawe) au maji ya kisima. Ini linaigeuza kuwa aina nyingine mbili za arseniki, MMA halafu DMA, figo zinatoa. Kwa wengi DMA ndo asilimia 60 mpaka 80 ya hiyo inayotoka. Tunazitenganisha ndo tunahesabu, maana jumla peke yake inadanganya: mtu kala kamba au pweza jana, namba inapaa, kumbe ni arsenobeteini, arseniki ya vyakula vya baharini, inayopita tu bila kumdhuru. Mwani ndo tabu zaidi, unatoa DMA ileile na mashine haiwezi kujua imetoka mgodini au kwenye mwani wa Paje kule Zanzibar.

Kwa hiyo siku 4 kabla usile chochote cha baharini. Njoo mwisho wa wiki ya kazi shifti ikiisha, vua nguo za kazi, oga, sugua kucha kwa sabuni ndo ukojoe, kwa sababu vumbi likidondokea kwenye kichupa tutakuwa tunapima duara (shimo la mgodi), sio wewe. Tumia kichupa tulichokupa, sio cha soda, usiongeze kitu, kikae kwenye barafu mpaka kifike maabara, safari ikiwa ndefu kigandishwe.

Na hii ya kunywa maziwa kutoa sumu iacheni, hayaitoi. Ukibugia maji mengi mkojo unakuwa mwepesi, kreatinini (taka ya mwili inayotuonyesha mkojo ni mzito au mwepesi) ikishuka chini ya gramu 0.3 kwa lita tunaikataa sampuli na unaanza upya.

Wengine wanaleta mkojo wa mtoto wakidhani tunatafuta bangi au VVU. Hatutafuti! Umejinyima majibu yako mwenyewe. Mwajiri naye ajue, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka apimishe afya wafanyakazi wake, akikaidi anaweza kufikishwa mahakamani.

Kikomo cha ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini cha Marekani, kwa wafanyakazi ni maikrogramu 35 kwa lita, ukijumlisha MMA, DMA na ile ambayo haijageuzwa. Kuwa chini ya hapo sio cheti cha miaka yote, arseniki nyingi inatoka ndani ya siku chache, mkojo unasema ya wiki hii tu. Ndo maana tunaomba chupa ya pili yenye maji ya kisima chako. WHO wanataka yasizidi maikrogramu 10 kwa lita, na kuyachemsha hakusaidii, maji yanapungua arseniki inabaki palepale.