Huyo si kikojozi, mnampiga bure

Wiki hii ameletwa msichana mwingine anayevuja mkojo. Ana miaka tisa, amefungwa kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara nne, na mama yake kabeba mfuko wa chupi za akiba. Barua ya rufaa inasema: "Kikojozi. Wazazi wamepewa ushauri." Ushauri wenyewe tunaujua: asinywe maji jioni, aamshwe usiku, akikua ataacha. Bibi yake akaongeza fimbo.

Nimechoka na hili, na naanza na wenzangu wa zahanati na vituo vya afya kabla ya wazazi. Msiulize tu kama analowesha kitanda. Ulizeni: "Mama, huyu mtoto amewahi kukaa mkavu hata saa moja?" Kisha: "Na chooni, anakojoa kama wenzake?" Kikojozi wa kawaida mchana ni mkavu; usiku humwaga mkojo wote kwa mkupuo. Msichana anayevuja matone mchana na usiku tangu utotoni, na bado anakwenda chooni kukojoa vizuri, mchukulieni kuwa ureta yake, yaani mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu, imefungukia pasipo pake, mpaka ithibitike vinginevyo.

Ureta huanza kuchipuka mimba ikiwa na wiki tano hivi. Zikichipuka mbili upande mmoja, figo moja hupata mirija miwili, na wengi huzeeka nayo bila kujua. Kwa kanuni ya Weigert na Meyer, mrija unaotoka sehemu ya juu ya figo ndio unaofungukia chini zaidi. Kwa msichana unaweza kukipita kibofu, ukaupita na msuli wa kubana mkojo, ukatokea ukeni au karibu na tundu la mkojo. Kibofu kinajazwa na mirija mingine, ndiyo maana anakojoa. Ule mmoja hauna wa kuubana, na fimbo haiwezi kuufundisha. Kwa mvulana haushuki chini ya msuli huo, kwa hiyo yeye havuji. Huja na maambukizi.

"Lakini daktari, ultrasaundi ilikuwa safi." Sentensi hii ndiyo inayopoteza miaka ya watoto hawa. Kipande cha juu cha figo kinaweza kuwa kidogo, kimedumaa, kimejificha, na bado kikadondosha matone kutwa kucha. Ultrasaundi safi haifungi kesi! Huyu tulimjaza kibofu dawa ya bluu kwa mpira wa mkojo, tukautoa, tukamvalisha pedi nyeupe, akaenda kucheza koridoni. Aliporudi pedi ilikuwa imelowa, njano mpauko, bila doa la bluu. Akaenda chooni, akakojoa bluu kama wino. Mama aliangalia pedi, akaangalia kopo, akasema: "Daktari, na mimi nilimpiga." MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ilikuja baadaye kutuonyesha mrija unapita wapi.

Kwenye upasuaji vitabu vinaongea kwa uhakika kuliko mimi. Unaweza kuupandikiza mrija kwenye kibofu, lakini karibu na kibofu mirija yote miwili iko ndani ya ganda moja na inagawana damu, kwa hiyo ni salama zaidi kuipandikiza pamoja. Unaweza kukikata kipande cha juu cha figo. Nilifundishwa kukata, na nilikata kwa miaka, huku nikihofia kila mara mishipa ya damu ya kipande cha chini kilicho kizima. Siku hizi mara nyingi naunga mrija wa juu kwenye wa chini, hata kipande cha juu kikiwa dhaifu. Kama ni sawa kukiacha humo miaka 40 ijayo, wapasuaji bado tunabishana.

Wanaoniumiza kichwa ni wachache ambao kila figo ina mrija mmoja na yote miwili imekosea njia. Kibofu chao hakijawahi kujazwa, ni kidogo na shingo yake imelegea. Hata baada ya kupandikiza, wengi huendelea kuvuja na kuhitaji upasuaji mwingine. Wazazi wao nawaambia hilo kabla hawajasaini.

Huyu wa wiki hii si wa kundi hilo. Tutamuunga mrija. Kwenye barua ya kurudi kituoni nimeomba neno "kikojozi" lifutwe kwenye kadi yake.